Siku kumi na moja za Georges Simenon

Mapadri wengi wanasoma hadithi za polisi, lakini si wote wanaoungama jambo hilo. Tulipokuwa seminari kubwa, vitabu vile vilipita mkono kwa mkono wakati wa mapumziko, na sisi pia tulivisoma. Leo hatuulizi kama vinafaa au havifai. Tunataka kumtazama mmoja wa wenye kuviandika, Georges Simenon, baba wa komiseri Maigret, na kuuliza: alifanya kazi namna gani kila siku, na desturi ile ilizaa matunda gani katika vitabu vyake?

Simenon alizaliwa Liège, katika Ubelgiji, mwaka 1903, akafa Lausanne, katika Uswisi, mwaka 1989. Alipokuwa mtoto alitumikia Misa asubuhi mapema katika kanisa dogo la hospitali. Alisoma kwa Wajezwiti, akaacha shule mwaka 1918 kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake, na mwaka 1919 akaanza kazi ya gazeti. Romani alizotia jina lake mwenyewe ni karibu 200. Kati yake 75 ni za Maigret, tangu 1931 hata 1972. Wengine wakisikia hesabu hiyo wanasema: mtu huyu aliandika ovyo. Hapo wanakosa.

Mwaka 1955 yeye mwenyewe alieleza desturi yake. Mbele ya kuanza romani, aliangalia kama hana shauri lolote na mtu kwa siku kumi na moja. Kisha alimwita mganga, ampime damu na mwili wote, maana alijua ya kuwa kazi itamchosha. Alikamata amvelopi, akaandika juu yake majina ya watu wa hadithi, miaka yao na jamaa zao. Majina aliyatafuta katika kitabu cha telefoni. Mambo yatakayotukia hakuyajua. Alijua ya sura ya kwanza tu. Nyuma ya hayo alifunga mlango. Kila asubuhi sura moja, bila kuruka siku. Hakuona mtu, hakujibu telefoni. Alisema ya kuwa siku zile aliishi kama mmonaki. Akipata ugonjwa wa siku mbili, alitupa sura alizokwisha kuandika, asirudie kamwe kitabu kile. Mwishoni alichukua siku tatu za kusahihisha, na kusahihisha kwake kulikuwa kukata: aliondoa kila neno lililowekwa kwa kupendeza tu. Shauri hilo alilipata kijana bado, kwa Colette, mwandikaji wa Ufaransa, aliyemwambia kwamba anatafuta mno uzuri wa maneno.

Kwa nini ukali wote huo? Si kwa kupata kurasa nyingi. Simenon alisema ya kuwa siku zile anaingia ndani ya mtu wa hadithi yake, anabeba mawazo yake na hofu yake, na nguvu ya kumbeba haipiti siku kumi na moja. Ndiyo sababu romani zake ni fupi. Basi kanuni ile haikuwa saa na kengele tu; ilikuwa njia ya kujitoa nafsi yake apate kumpokea mwingine.

Matunda tunayaona. Tukamate *L'Affaire Saint-Fiacre*, ya mwaka 1932. Barua inatangaza kwamba mtu atauawa kanisani wakati wa Misa ya kwanza, Siku ya Marehemu. Maigret anarudi katika kijiji alipozaliwa, anaketi katika kanisa alimotumikia Misa zamani, na mama mmoja anakufa kitini. Baridi ya asubuhi, kengele, mishumaa: mwandikaji hakuyatunga mezani, aliyabeba tangu utoto wake. Lakini hasara nayo inaonekana. Mambo yote yanafunguliwa upesi katika chakula kimoja cha usiku, na komiseri anaketi kama mgeni tu. Mwanzo wa kitabu una pumzi ndefu. Mwisho una haraka.

Kuna hasara nyingine inayotugusa sisi. Mwaka 1932 Simenon alisafiri katika Afrika, akafika Kongo, akaandika katika gazeti maneno makali juu ya utawala wa wakoloni. Mwaka 1937 alitoa *Le Blanc à lunettes*, romani ya Kongo. Ndani yake alimbeba nani? Mzungu mwenye shamba. Kumbe mtu anaweza kufunga mlango vizuri sana na kukaa kimya, na jirani fulani akabaki nje.

Tena, Maigret alitamani kazi iliyo kama ya mganga na ya padri pamoja, ya kutengeneza maisha ya watu yaliyoharibika. Anasikiliza kwa uvumilivu, anafahamu, hana haraka ya kuhukumu. Muungamishi anaweza kujifunza kwake. Lakini akiisha kufahamu, Maigret hana neno la kufungua. Anampeleka mtu kwa hakimu, anarudi nyumbani na huzuni. Hapo komiseri anakoma, na padri anaanza.

Mwaka 1972, nyumbani kwake Epalinges, Simenon aliandika majina juu ya amvelopi kama desturi, lakini hakuna aliyekuja. Akaacha romani kabisa. Hatumcheki. Alikuwa amejitoa kwa nguvu zake mwenyewe, na nguvu hizo zina mwisho.

Basi, ndugu seminari, mnaonung'unika kengele inapolia, mkumbuke mtu huyu aliyejipigia kengele bila mkubwa wa kumwamuru. Na sisi mapadri, tunaotafuta mahubiri siku ya posho usiku, taa ikiisha mafuta, tuone haya kidogo. Yeye alifunga mlango siku kumi na moja kwa ajili ya mtu asiyekuwako duniani. Watu wetu wako, wana majina, wanangoja mlangoni. Tuwape walau asubuhi moja ya kimya, mbele ya kusimama na kusema nao.