Kibao Kisicho na Kitenzi

Katika bustani ya mimea, mti hauachwi bila kibao. Ni kipande cha plastiki au bati, upana wa kiganja, na kwenye bustani zinazojali miti yake hufungwa kwa skrubu yenye springi, ili shina likinenepa lisukume kibao mbele badala ya kukimeza. Juu yake pana jina la kisayansi kwa Kilatini, ukoo wa mmea, nchi au eneo la asili, na namba ya usajili ambayo mara nyingi huanza na mwaka mmea ulipopokelewa. Basi. Kisome tena, hutakuta kitenzi hata kimoja. Mti haukuchimbwa, haukusafirishwa, haukuuzwa, hauponyi wala haudhuru. Upo tu, na kwao ni mbali.

Wengi huzuru bustani hizi kwa ajili ya maua na picha za harusi, na sina ugomvi nao. Lakini bustani ya mimea ni utungo, na utungo husomwa kwa mpangilio wake: nini kimekaa jirani na nini, mstari umekatwa wapi, mgeni anaingizwa kwa mlango upi na kutolewa kwa upi. Ukizisoma hivyo, zote zinatoa ahadi moja, kwamba mmea utabaki pale kibao kilipo. Ahadi hiyo haitimiziki, maana mmea hukua, huzaa na huzagaa. Kwa hiyo mhakiki hana budi kutazama pale umbo linapovuja.

Tuanze Padua, Italia, kwenye bustani iliyoanzishwa na Jamhuri ya Venice mwaka 1545 kwa ajili ya wanafunzi wa tiba wa chuo kikuu cha mji huo. Umbo lake la awali bado lipo: mraba ndani ya duara, na mraba wenyewe umekatwa na njia mbili zinazopishana, zikapatikana robo nne, kila robo ikiwa na vitalu vidogo vilivyochorwa kwa jiometri. Pembeni pana pete ya maji. Duara ndiyo dunia, maji ndiyo bahari inayoizunguka. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, angefurahia robo zile nne: ni ubeti wa tarbia uliolala chini, kila mshororo na mizani yake, hakuna neno linalochomoza nje ya kina.

Umbo hilo lilikuwa na kazi. Dawa bandia zilikuwa nyingi madukani, na mwanafunzi alipaswa kuutambua mmea kwa jani na mzizi kabla ya kumwandikia mgonjwa. Mpangilio ulikuwa msaada wa kumbukumbu: unajua mmea kwa kuwa unajua kitalu chake. Ila ukuta wa duara, ambao leo waongoza watalii huusifia kwa ukamilifu wake, ulikuja mwaka 1552, miaka saba baada ya bustani kuanza. Ulijengwa kwa sababu ya wezi. Mimea ya dawa ilikuwa na bei, na watu walikuwa wakiruka usiku na kuing'oa. Yaani mstari ule mzuri kuliko yote katika utungo wa Padua uliandikwa na wezi, na mbunifu akaja kuupatia vina.

Ndipo utazame maandishi ya langoni, yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanamwambia mgeni asibishe hodi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, ashike njia iliyopangwa, asikate ua, asichukue mbegu, asing'oe mzizi, na akikaidi atatozwa faini, atafungwa au atafukuzwa mjini. Hapo vitenzi vimejaa tele. Bustani hii haina uhaba wa vitenzi hata kidogo. Imeviweka vyote mlangoni, vikimkabili binadamu kwa sauti ya amri, ili ndani pabaki nomino peke yake. Amani ya mle ndani inalindwa na vitisho vya pale nje, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya bustani zote zilizofuata.

Mle ndani kuna mmea mmoja uliokataa kuwa nomino. Ni mti wa jamii ya minazi, wenye majani ya kipepeo kama ya mkoma, uliopandwa mwaka 1585. Mshairi Mjerumani Goethe aliuona alipopita Padua mwaka 1786. Kilichomshika ni majani yake: ya chini ni mamoja, membamba kama upanga, yanayofuata yanaanza kuchanika, na ya juu kabisa ni kipepeo kamili. Katika shina moja alisoma jani likigeuka hatua kwa hatua, na miaka minne baadaye akatoa kitabu chake kuhusu mabadiliko ya maumbo ya mimea. Mti huo bado unaishi, na umejengewa kibanda chake cha kioo. Kinachonivutia ni kwamba Goethe hakuhitaji kitalu wala jirani. Alisoma mmea kwa wima, wakati bustani nzima imeandikwa isomwe kwa ulalo.

Karne ya kumi na tisa ilibadilisha mkakati. Badala ya ukuta wa kuzuia wezi, ikaja nyumba ya kuzuia baridi. Nyumba ya Minazi ya Kew, London, ilijengwa kati ya mwaka 1844 na 1848 na Decimus Burton pamoja na Richard Turner, fundi chuma kutoka Dublin, kwa mbavu za chuma zilizopindwa kama za meli iliyopinduliwa. Ukuta wa Padua unaonekana. Wa Kew umefanywa usionekane: mgeni anatoka kwenye manyunyu ya Uingereza, anasukuma mlango, miwani inafunga ukungu, na ghafla yuko kwenye joto la Tanga. Upande wa kusini ni Afrika, katikati ni nchi za Amerika, kaskazini ni Asia na visiwa vya Pasifiki. Unavuka bahari mbili kwa kutembea mita mia na kidogo, hukukutana na bandari hata moja.

Joto lile lilikuwa la makaa ya mawe. Matanuri yalifichwa chini ya sakafu, na moshi ukapitishwa kwenye handaki hadi mnara wa matofali uliojengwa mbali kidogo, kwa mtindo wa mnara wa kengele wa Kitaliano, usiharibu mandhari. Makaa nayo yalipita humohumo handakini kwa vitoroli vya reli. Wachochea moto walifanya kazi chini ya miguu ya wageni, kwenye vyumba vilivyokuwa vikijaa maji mara kwa mara. Ukiuliza kitenzi cha Kew kiko wapi, jibu ni hilo: kimezikwa. Kama kazi ya sanaa, nyumba hii naikubali kuliko jengo lolote la bustani ninalolijua, na siri ya uzuri wake ni kwamba imefaulu kuficha kinachoiendesha. Ukiusifia wepesi wa kioo chake, ujue wepesi huo ulisimama juu ya lundo la makaa.

Katika upande wa Afrika kuna saikadi, mmea wa kale wenye majani magumu yanayofanana na ya mnazi lakini usiotoa ua, huzaa koni. Uliletwa Kew mwaka 1775 na Francis Masson, mtunza bustani aliyesafiri na Kapteni Cook hadi Rasi ya Tumaini Jema, akaingia bara na kukusanya mimea. Tangu hapo uko kwenye chungu. Umetoa koni mara moja tu, mwaka 1819. Shina lake halikusimama. Limelala kwa mshazari na kujinyoosha kwa zaidi ya mita nne, na limeegemezwa kwa magongo ya chuma. Magongo hayo ndiyo mwandiko wa kweli wa mahali pale. Kibao kinatoa jina, ukoo na Afrika Kusini. Magongo yanasema kwamba mmea huu umekua karne mbili na nusu katika chombo kisicho saizi yake, na kwamba kila kizazi cha watunzaji kimelazimika kuongeza kiungo kimoja ili sentensi isianguke.

Bustani za tropiki zilizozaliwa na mfumo uleule nazipita haraka, kwa kuwa kimaumbo hazikubuni mengi. Peradeniya ya Sri Lanka ina njia ya minazi iliyosimama kama gwaride. Singapore, tangu mwaka 1859, ina nyasi zilizokatwa vizuri, na nyuma ya nyasi hizo ndipo mtaalamu wa mimea Henry Ridley alipohangaika na mpira mpaka ukawa zao la Malaya nzima. Pamplemousses ya Mauritius ina bwawa la mayungiyungi yenye majani mapana kama sinia. Bustani hiyo iliendelezwa na Pierre Poivre, Mfaransa aliyewavunjia Waholanzi ukiritimba wa viungo kwa kuwaibia miche ya karafuu na kungumanga. Karafuu ya Unguja na Pemba ilitufikia kwa kupitia visiwa vya Maskarini, Mauritius ikiwa kimojawapo. Nguzo nzima ya uchumi wa Zanzibar ya zamani, pamoja na watumwa waliolima mashamba yake, ina asili katika miche ya wizi, lakini kwenye kibao cha mkarafuu popote duniani utaandikiwa Maluku, halafu nukta.

Kirstenbosch ya Cape Town ni habari nyingine. Ilianzishwa mwaka 1913 na Harold Pearson, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima wa Meza, kwa sharti lililokwenda kinyume na desturi ya wakati ule: ikuze mimea ya Afrika Kusini. Hakuna duara wala kioo kinachotawala. Mlima wenyewe ndio ukuta wa nyuma, na vitalu vinapanda taratibu hadi vinayeyuka kwenye vichaka asilia, usijue bustani imeishia wapi. Mwaka 2014 waliongeza daraja la kutembea juu ya vilele vya miti, la mita 130, linalojipinda kama nyoka na kupewa jina la nyoka, Boomslang. Ni umbo linalojidai halina mpaka. Ningeliamini, lau si ua wa miti.

Ua huo wa milozi mwitu ulipandwa kwa amri ya kamanda Mholanzi Jan van Riebeeck mwaka 1660, miaka zaidi ya 250 kabla ya bustani, kutenganisha makazi ya Waholanzi na Wakhoikhoi waliokuwa na malisho yao pale, ili ng'ombe na watu wasivuke. Vipande vyake vingali hai ndani ya Kirstenbosch. Si safu iliyonyooka tena. Matawi yamelala chini, yameota mizizi, yamejisuka upya, na mtoto anaweza kupenya katikati bila kuinama. Kisayansi mti huu una kila haki ya kuwepo, kwani ni wa asili ya hapohapo. Kisiasa ni mpaka wa koloni. Bustani nyingine ingeung'oa au kuuchonga uwe pambo. Hii imeuacha uzeeke mahali pake na kuuwekea maelezo. Hapa naona umbo likikubali kusomwa dhidi ya lenyewe: bustani inayojisifu kwa uasilia imebeba tumboni mti wa asili uliotumika kuwafungia nje wenyeji.

Bustani ya Amani, katika Usambara Mashariki, Tanzania, ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina na mizani. Nalitumia neno hilo kwa heshima. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na baiolojia pale mwaka 1902, chini ya Franz Stuhlmann, wakapanda miti ya majaribio kutoka kila bara, kuanzia Sigi kule bondeni hadi mlimani: miti ya kwinini, mpira, kafuri, mdalasini, mianzi. Waingereza walikiendesha baadaye, kisha mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na utafiti wa malaria ukachukua nafasi yake. Wahariri waliondoka, utungo ukabaki. Sehemu kubwa ya miti imepoteza vibao. Unatembea kwenye kijia chenye utelezi, unavuka vigogo vyenye kuvu, na mti uliosimama mbele yako unaweza kuwa wa msitu huo tangu kale au mgeni wa majaribio aliyesahauliwa. Vitalu vimefumuka.

Mfano wake mkubwa ni Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi. Kwao ni magharibi, kuanzia kanda ya Ziwa Victoria hadi Afrika Magharibi. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita. Hondohondo wakalipenda tunda lake, wakala na kudondosha mbegu msituni, na ukataji wa mbao wa miaka ya 1960 hadi 1980 ulipofungua mianya ya mwanga, mti ukapata nafasi ya kusambaa kwa kasi. Wanaikolojia wanauhesabu miongoni mwa wavamizi wabaya zaidi wa msitu ule, na wana haki. Mimi nausoma pia kama mshororo uliojiandika wenyewe. Mmea umetenda kila kitu ambacho kibao kilikataa kusema: uliletwa, ukazaa, ukabebwa na ndege, ukavuka kitalu, ukaubadili msitu. Padua iliogopa mtu atakayetoa mmea nje. Amani ulitoka wenyewe, na hakuna ukuta uliokuwa umefikiriwa kwa hilo.

Wapo wanaotamani Amani irudishiwe sura yake: vitalu vifyekwe, mistari inyooshwe, kila shina lipigiliwe jina. Vibao sivipingi, mwanafunzi wa Muheza anavihitaji kama mwenzake wa Padua alivyohitaji kitalu. Kunyoosha mistari ndiko ninakokupinga, kwa kuwa kungefuta ushahidi pekee tulio nao, mahali pamoja, wa kile kinachotokea bustani ya mimea inapoachwa imalize sentensi yake. Na sentensi haikuishia msituni. Kando ya hifadhi, kwenye miteremko ya vijiji, wakulima wanalima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga chini ya miti, bila safu, bila kibao, kila mmoja akijua mche wake aliupata kwa nani. Kwenye ramani ya mgeni mashamba hayo yanaangukia nje ya mpaka. Ningekuwa mimi ndiye mchoraji wake, matembezi yangeanzia huko, na jengo la Mjerumani lingesubiri mchana.