Pa Kula Moshi: Hoteli Hujulikana kwa Sufuria Yake

Anayeuliza pa kula Moshi aulizwe kwanza ni saa ngapi. Mji huu hauna hoteli moja iliyo bora kutwa nzima. Ipo nyumba ya supu ambayo saa moja asubuhi haina mshindani, lakini ikifika adhuhuri haifai hata kwa chai. Ipo baa inayosinzia mchana, na jioni nyama yake inafuatwa na watu kutoka kata ya tatu. Wapishi hawana kosa hapo. Chakula cha Moshi hupikwa kwa wingi, katika sufuria moja kubwa, kwa vitu vilivyoingia mjini alfajiri ileile, na hutakiwa kiishe kabla hakijapoteza ladha. Ukiielewa kazi hiyo inavyofanyika, hutahitaji kutajiwa majina ya hoteli. Utaingia mtaa wowote na kujua pa kukaa.

Tuanze na mahali penyewe. Moshi ni manispaa yenye watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, na katikati ya mji pako takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Kwa juu, mlima Kilimanjaro umevaa vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba: Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu. Huko ndizi na kahawa humea pamoja chini ya miti mirefu, na ng'ombe hufungwa zizini wakaletewa majani. Kwa chini ni tambarare kavu, lakini yenye mashamba ya maji: mpunga wa Chekereni katika skimu ya Lower Moshi, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, na ukizidi kwenda kusini unalikuta bwawa la Nyumba ya Mungu lenye perege. Mikungu ya ndizi hushuka, mchele na samaki hupanda, vikakutana katika soko la Mbuyuni na Soko la Kati. Kutoka kihambani hadi sufuriani ni mwendo wa daladala wa saa moja hivi. Ndizi iliyokatwa jana jioni huchemka leo kabla ya jua kuchomoza, na ni miji michache inayoweza kusema hivyo.

Kipimo changu cha kwanza cha hoteli ya Moshi ni mtori, kwa sababu mtori hauna pa kujifichia. Pilau mbaya hufichwa kwa viungo, na nyama ngumu hufichwa kwa mchuzi. Mtori una ndizi, mfupa, mafuta na chumvi, na kila kosa la mpishi hufika mdomoni.

Ndizi yenyewe ni mshare. Ina kidole kirefu chembamba, na ikichemka hulainika sawasawa bila kuacha nyuzi wala punje. Mzuzu ni ndizi nzuri sana, lakini ya kuchoma na kukaanga. Ukiipondaponda haitoi ulaini ule. Mpishi anayetupia ndizi yoyote aliyoiona sokoni atapata uji mzito wa ndizi, hatapata mtori. Tena mshare lazima uwe umekomaa lakini ungali mbichi kabisa. Ndizi ikianza kuiva, wanga wake hugeuka sukari, na bakuli lenye utamu wa sukari ni ushahidi kwamba mkungu ulikaa dukani siku nyingi. Kumenya nako kuna utaratibu wake. Utomvu hushika mikono na kuiacha nyeusi, kwa hiyo wamenyaji hupaka viganja mafuta, na kila ndizi iliyomenywa hutumbukizwa majini papo hapo ili hewa isiifanye kuwa nyeusi. Ukipewa mtori wenye rangi ya kijivu, hatua hiyo ilirukwa.

Kazi ya mifupa huanza usiku. Kwenye hoteli zinazojua, sufuria hubandikwa kama saa tisa au saa kumi za usiku, ikiwa na mifupa, kongoro na vipande vya nyama vyenye mafuta. Moto huwa wa taratibu. Ile gundi iliyomo katika kano na ngozi za kongoro huyeyuka polepole, na hiyo ndiyo inayoupa mtori uzito unaobaki midomoni. Mwenye haraka akichochea moto, nyama itaiva lakini gundi haitatoka yote. Na hapa mlima wenyewe unaingia jikoni. Kwa mwinuko wa Moshi mjini, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100. Ukipanda hadi lango la Marangu, karibu mita 1,900, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tofauti ni ndogo kwa chai, lakini kwa mfupa wa ng'ombe ni muda mrefu zaidi jikoni, na wapishi wa huko juu huanza mapema kuliko wa mjini.

Kisha ndizi huingia katika supu hiyohiyo. Jambo hili ndilo linalotenganisha hoteli na hoteli. Mpishi mvivu huchemsha ndizi peke yake kwa maji, akaziponda, halafu akamwagia supu juu. Bakuli litajaa na mteja atashiba, lakini ndizi itakuwa tupu ndani. Ndizi iliyoivia ndani ya supu hunywa mafuta na chumvi tangu ikiwa ngumu. Zikishaanza kupasuka, nyama huopolewa, ndizi hupondwa kwa mwiko au kupekechwa kwa upekecho, na supu iliyobaki hurudishwa kidogo kidogo mpaka uzito ukae sawa. Kitunguu hufuata. Nyanya, kwa wanaoitumia, huingia mwisho, kwani uchachu wake ukitangulia huzichelewesha ndizi kulainika. Mimi nasimama na wasioitumia kabisa. Samli au maziwa, kwa mtindo wa nyumbani, humalizia, na nyama hurudi.

Baadhi ya mikahawa ya kisasa husaga ndizi kwa blenda. Naelewa sababu: inaokoa mkono na inatoa bakuli laini lisilo na donge. Lakini kisu cha blenda hupasua chembe za wanga kupita kiasi, na mtori unavutika kama gundi ya karatasi. Mwiko huacha vipande vidogo vya ndizi, na ulimi unavitaka.

Sasa tuje kwenye saa. Wanga wa ndizi huendelea kukaza kadiri unavyokaa na kupoa. Mtori wa saa moja asubuhi unamiminika kutoka kwenye upawa. Wa saa nne unadondoka. Wa saa sita unakatwa. Ili auuze, mpishi huongeza maji ya moto, na kila birika la maji linaondoa sehemu ya kazi ya usiku mzima. Ndiyo maana nasema hoteli nzuri ni ile inayomaliza sufuria yake mapema. Tazama nani anakula hapo: wagumu wanaosubiri gari la kwenda langoni kupandisha mizigo ya watalii, madereva wa daladala waliokwisha piga zamu ya kwanza, bodaboda, wenye maduka ambao hawajafungua. Hawa hawana muda wa kungoja wala fedha ya kutupa. Wakijaa benchi saa kumi na mbili na nusu, sufuria itakauka kabla ya saa tatu, na wewe utakuwa umekula mtori halisi. Ukiona birika la maji likiinamishwa juu ya sufuria, agiza chai na chapati.

Kuna sababu nyingine inayofanya wateja wa Moshi wawe wakali kwa mtori. Kwa Wachaga hicho ni chakula cha mama aliyejifungua, na mwanamke aliyewahi kupikiwa na mama mkwe au bibi yake kwa wiki kadhaa mfululizo anaujua kwa kina. Hoteli inashindana na kumbukumbu hiyo kila asubuhi. Naona ni jambo jema kwa mji.

Mchana mambo hubadilika, na nafasi huchukuliwa na mama lishe. Hapa utapata machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama bila kupondwa, na siku ukibahatika, kiburu cha ndizi na maharage kilichotiwa magadi. Kiburu kinahitaji jiko liachwe likiwaka kwa saa nyingi, na kwa bei ya mkaa wa mjini si kila mtu anathubutu. Ukikikuta, usiulize kuna nini kingine. Wali wa Chekereni na perege wa kukaanga ni chaguo la uhakika karibu kila mtaa. Samaki achaguliwe mzima, kabla hajaingia kwenye mafuta, na macho yake yawe yanang'aa.

Jioni ni ya nyama, na nyama choma ya Moshi ina mpangilio unaopaswa kueleweka kabla hujakaa kitini. Katika baa nyingi, mwenye vinywaji, mwenye bucha na mwenye jiko ni watu watatu tofauti waliokodishiana eneo moja. Baa kubwa yenye taa nyingi haikuhakikishii nyama, kwa kuwa aliyeweka taa siye anayekata. Kwa hiyo anza buchani. Simama mbele ya nyama iliyotundikwa, onyesha sehemu unayoitaka, iangalie ikipimwa kwenye mizani, uifuate mpaka jikoni. Mchomaji ukimwona anapokea nyama ya mteja na kuitambua ni ya nani bila kuuliza mara mbili, umepata jiko.

Nyama hii haikulazwa siku nyingi kwenye baridi kama inavyofanywa kwenye machinjio ya Ulaya. Ng'ombe au mbuzi amechinjwa alfajiri au jana yake, na nyama mbichi namna hiyo ni ngumu. Njia ya Moshi ya kuishinda ni moto mdogo, kipande kikubwa na muda. Mbavu za mbuzi huwekwa nzima juu ya mkaa uliokwisha pita miali, hupakwa chumvi peke yake, hugeuzwa mara chache, na hukatwa vipande vidogo baada ya kuiva, si kabla. Ikikatwa kabla, maji yote huishia kwenye mkaa. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima. Nyama ikikufikia baada ya dakika kumi, ilichemshwa mapema ikawa inangoja mtu wa kuipitisha motoni, na utaijua kwa rangi yake moja ndani na nje. Kando yake weka ndizi mzuzu za kuchoma, kachumbari, ndimu na pilipili mbuzi. Achana na sosi ya chupa. Kiti moto, yaani nyama ya nguruwe, nayo ina wapenzi wengi mjini, na ina majiko yake na visu vyake, inavyostahili. Fika saa kumi na moja jioni, agiza nyama kwanza, kisha ndiyo utafute kiti.

Nimeacha kahawa hadi hapa kwa sababu inaniuma. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao mwaka 1925, na kutoka humo ikazaliwa KNCU mwanzoni mwa miaka ya 1930, miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza barani Afrika. Bodi ya Kahawa ina makao yake Moshi, na taasisi ya utafiti wa zao hilo iko Lyamungu, upande wa Hai. Pamoja na yote hayo, ingia hoteli ya kawaida mjini uombe kahawa, utaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya kukoroga. Zao lilijengwa kwa ajili ya kuuzwa nje tangu siku ya kwanza. Mkulima aliliona kama ada ya shule na bati la nyumba, akanywa chai. Sehemu ya kurekebisha hilo ni Union Café ya KNCU, mahali ambapo arabika ya wanachama wa ushirika inarudi kwenye kikombe hapohapo mjini. Bei yake imezidi ya chai ya mama lishe, na bado nawaomba wenyeji waingie, wasiwaachie watalii peke yao. Kahawa mbivu ya mlimani haihitaji maziwa mengi. Inywe nyeusi angalau mara ya kwanza.

Mbege usiitafute katikati ya mji. Ni kinywaji cha ndizi mbivu zilizopikwa zikaachwa zichachuke, kikaunganishwa na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, na ladha yake hugeuka kila siku inayopita. Ya siku ya kwanza ni tamu, ya pili ina makali, ya tatu ni ya wenye uzoefu. Panda Marangu au Kibosho, nenda na mwenyeji, umwache aagize yeye.

Wageni wengi hula Shanty Town, kwenye bustani nzuri na menyu ndefu, na hakuna ubaya kupumzika huko baada ya siku sita za mlima. Lakini menyu ndefu maana yake ni sufuria nyingi ndogo na friji kubwa, na hilo ni kinyume cha kila kitu kinachokifanya chakula cha Moshi kiwe kizuri. Pesa yako iende kwanza Mbuyuni, Majengo, Njoro na Pasua, kwa watu walioamka saa tisa usiku kubandika mifupa. Lala karibu na soko, amka saa kumi na mbili, uliza kama ndizi ni mshare. Ukichelewa hadi saa tano, mtori uache mpaka kesho.