Neno "Kuacha" katika Injili

Tumesikia mahubiri mengi juu ya mitume walioacha nyavu zao. Mara nyingi mhubiri anamaliza namna moja: mkristu wa kweli anaacha yote upesi. Jumapili nyingine mhubiri yule yule anasoma Yoane 10, kisha anahukumu kila mtu aliyeacha mahali pake: huyo ni mchungaji wa mshahara. Mafundisho hayo mawili yanapigana. Tutazame maandiko yenyewe.

Kigiriki kinatumia neno moja, aphienai. Petro na Andrea waliacha nyavu (Mt 4, 20). Mwanamke Msamaria aliacha mtungi (Yo 4, 28). Mtu wa mshahara anaacha kondoo (Yo 10, 12). Wanafunzi walimwacha Yezu, wakakimbia (Mt 26, 56). Na mbele ya kaburi la Lazaro, Bwana anaagiza wamwache aende (Yo 11, 44). Kiswahili chetu kinaweza kusema "kuacha" kila mara. Kifaransa kinagawanya neno hilo katika maneno mengi, na msomaji haoni tena shida. Sisi tunaiona, basi ni juu yetu kuifikiri.

Neno peke yake halionyeshi kama tendo ni zuri. Marko 1, 20 anatusaidia, lakini wahubiri wanapita hapo mbio. Yakobo na Yoane walimwacha baba yao Zebedeo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakubaki peke yake, kazi iliendelea. Na katika Kigiriki "mtu wa mshahara" ni neno lile lile la Yoane 10: huku wanabaki na mzee, kule anakimbia. Basi haitoshi kuuliza kama mtu aliacha ao hakuacha. Tuulize: yule aliyeachwa amebaki na nani?

Mtakatifu Agustino alijibu karibu hivyo alipomwandikia askofu Honorato, wakati Wavandali walipoingia Afrika ya Kaskazini, mbele kidogo ya kifo chake mwaka 430. Adui akimtafuta mchungaji peke yake, na wengine wakibaki kuhudumia watu, anaweza kukimbia, kama Paulo aliyeshushwa katika kikapu huko Damasko (Mdo 9, 25). Hatari ikiwa ya wote, asiwaache wanaomhitaji.

Kwetu Uvira hayo si mambo ya vitabu tu. Tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Padri Carrara aliagizwa apande gari. Alikataa, akafa karibu na ndugu yake. Tarehe 18 Agosti 2024, hapo Uvira, Eklezia iliwatangaza wenye heri. Hao walibaki.

Tena tutazame Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya ndugu zetu Waprotestanti ilishambuliwa. Wagonjwa na wahudumu waliuawa. Munganga Denis Mukwege, mkubwa wa hospitali, hakuwapo saa ile. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Alipoteza majengo ya Lemera, lakini wagonjwa hakuwaacha.

Hata kiti kinaweza kuachwa vizuri. Mgr Danilo Catarzi, askofu wa kwanza wa Uvira toka 1962, alikiacha mwaka 1981, na jimbo likapokea Mgr Léonard Dhejju, mwana wa Kongo. Zebedeo hakubaki peke yake.

Kwa hiyo tunaomba wote wanaohubiri katika milima hii, mahali watu wengi walikimbia vita mara nyingi: wasichukue Yoane 10 kuwa fimbo ya kupiga wakimbizi. Katekista aliyekimbia pamoja na kijiji chake hakuacha kondoo; kondoo na mchungaji walikuwa katika njia moja. Lakini yule anayeng'ang'ania kazi ambayo mwenzake angeifanya vizuri zaidi, huyo asijisifu kwamba hajaacha kitu. Ameshika nyavu, na Bwana amekwisha kumwita mbele.