Ufundi wa Kunena Kidogo

Ukifuata barabara ya Kangundo kutoka Saika kuelekea Ruai, kila ghorofa ya Njiru imebeba matangi yake ya plastiki juu ya paa. Maji ya mfereji huku hayaaminiki, kwa hivyo ploti huishi kwa kuweka akiba, na akiba ikiisha huitwa lori la maji. Anayejua kilichobaki ndani ya tangi ni msimamizi wa ploti, naye hujua kwa kupanda ngazi hadi paani, kugonga ubavu wa tangi na kusikiliza. Hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapopata kazi yake halisi: ufundi wa kuunganisha na kuprogramu mtandao mdogo wa redio usiotumia umeme mwingi, ule ambao vijana wa vifaa vya elektroniki huupanga mezani kwanza kama seti ya maonyesho kabla ya kuupandisha juu.

Seti yenyewe haina makuu. Bodi mbili tatu ndogo, kila moja na betri yake, sensa yake na antena fupi. Halafu kifaa kimoja cha kupokea, getiwei, kilichounganishwa na intaneti. Karibu vyote hupatikana kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi na vichochoro vyake. Sensa ya tangi hupiga sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, kisha husubiri mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, lakini ndani ya tangi lililopigwa na jua la Februari hewa hupanda joto na sauti huongeza mwendo; kwenye nyuzi 40 hufika karibu mita 355. Fundi asiyeliweka joto kwenye hesabu yake hukosea sentimita tatu hivi kwa kila mita. Tena sensa nyingi za bei nafuu hazioni kitu kilicho karibu mno, chini ya sentimita 20 hivi, kwa hivyo sharti ziinuliwe juu ya pale maji yanapofika tangi likijaa. Haya yote hujulikana kwa mkono na ndoo kabla ya mtu kuandika mstari mmoja wa programu.

Redio inayobeba habari hizo kwa kawaida ni ya LoRa. Ilibuniwa Grenoble, Ufaransa, na kampuni changa ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Hapa Kenya hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 868. Ishara yake haikai kwenye masafa mamoja. Hupanda kutoka chini hadi juu kama mluzi wa ndege, na kwa sababu mpokeaji anajua umbo la mluzi huo, anaweza kuutambua hata ukiwa dhaifu mara mia kuliko kelele zinazouzunguka. Sijaacha kulistaajabia jambo hili. Nguvu inayorushwa ni miliwati 25 tu, na bado ujumbe huvuka mitaa.

Lakini sifa kubwa naiweka kwenye usingizi. Bodi iliyoprogramiwa vizuri hulala karibu maisha yake yote. Huamka, hupima, hutuma, hulala tena. Ukitaka kumjua fundi, mwulize bodi yake inakula umeme kiasi gani ikiwa imelala, na uone kama ana jibu la multimita au la kukisia. Bodi nyingi za dukani huja na taa ndogo nyekundu inayowaka muda wote kuonyesha kwamba umeme upo, na pia na kidhibiti cha volti ambacho chenyewe, bila kufanya kazi yoyote, hunyonya miliampia 5. Chukua betri ya miliampia-saa 2,500: kidhibiti hicho peke yake kitaimaliza kwa saa 500, yaani wiki tatu. Sasa fundi achomoe taa kwa lehemu, abadilishe kidhibiti, aandike programu inayozima kila kisichohitajika, mpaka wastani wa matumizi ushuke kuwa maikroampia 50. Betri ile ile, kwa hesabu ya karatasi, itakwenda saa 50,000. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano, ingawa betri yenyewe nayo huchakaa. Hakuna kilichoongezwa hapo. Kila hatua ilikuwa ya kupunguza.

Na ujumbe nao hupunguzwa. Mwanafunzi anayeanza hutuma sentensi nzima: kiwango cha maji kwenye tangi la pili ni asilimia 63. Fundi hutuma namba 63 peke yake, nayo hukaa ndani ya baiti moja. Tangi ni lipi, getiwei inajua kutokana na anwani ya kifaa. Redio ya LoRa ina ngazi za mwendo zenye namba 7 hadi 12. Ujumbe wa baiti moja kwenye ngazi ya 7, pamoja na vichwa vyake vya lazima, hukaa hewani chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde moja. Kwenye ngazi ya 12, inayofika mbali zaidi, huchukua zaidi ya sekunde nzima. Hewa hii ni ya watu wote. Kanuni za Ulaya, ambako mpangilio wa masafa haya ulianzia, humpa kila kifaa asilimia moja tu ya muda kwenye sehemu kubwa ya masafa hayo, yaani sekunde 36 kwa saa. Anayepiga kelele kwenye ngazi ya 12 ilhali getiwei iko ghorofa ya pili anamnyima jirani nafasi, na anaimaliza betri yake mapema. Naona adabu ndani ya hesabu hiyo, adabu ya mtu aishiye kwenye ploti yenye kuta nyembamba.

Mezani kila kitu hufanya kazi. Bodi zikiwa hatua mbili kutoka kwa getiwei, hata antena mbovu itapita. Njiru yenyewe ndiyo mtihani. Majengo ni ya mawe ya kuchongwa, mengine yalichimbwa papa hapa kwenye machimbo ya mtaa, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna zege lenye nondo. Milango na mageti ni ya chuma, mapaa mengi ni ya mabati. Chuma huirudisha redio ilikotoka. Kwa hivyo fundi hubeba bodi moja mkononi, hutembea kutoka ngazi za nyuma hadi dukani kwa jirani, akiandika nguvu ya ishara kila anaposimama. Antena ya robo wimbi kwa masafa haya ina urefu wa sentimita 8.6. Ikilazwa juu ya bati, au ikifungwa ndani ya boksi la chuma kwa kuogopa mvua, kazi yote ya usingizi na baiti imepotea. Isimamishwe wima, mbali na chuma, juu ya mfuniko wa plastiki. Wala redio isirushe kabla antena haijafungwa, kwani nguvu isiyopata pa kutokea huweza kuiharibu.

Ufundi huu umeshakomaa nchini kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, walichapisha mwaka 2023 maelezo ya kifaa chao cha gharama nafuu cha kupima kina cha mto kwa LoRa, ili mwingine aweze kukiunda. Mwaka uliofuata mvua za masika zilileta mafuriko makubwa Nairobi, na Mto Nairobi unapita Njiru ukiwa umeshakusanya maji ya jiji. Sensa inayopima tangi na ile inayopima mto ni ndugu: sauti, mwangwi, baiti, usingizi. Aliyeimudu moja paani ana sehemu kubwa ya anachohitaji kuisimamisha nyingine darajani.

Ndiyo maana maonyesho yanayofanyika hotelini, kwa umeme wa ukutani na getiwei juu ya meza ile ile, hayanitoshi. Hayaonyeshi lililo gumu. Nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na waandaaji wa warsha: mpeni mwanafunzi betri, multimita na tangi la ploti fulani, mwacheni apande paani, na mrudi baada ya miezi mitatu kusoma kilichotumwa.