Mstari Uishie Kwenye Mtambo

Kuna ramani ya aina moja inayozunguka kwenye simu za wapenzi wa redio jijini Nairobi, na kila inapopita husifiwa. Imechorwa kwa kompyuta ya nyumbani. Nairobi iko katikati, bendera za nchi zimepangwa ukingoni, na mistari ya rangi inakwenda London, Bonn, Washington na Cairo. Watu huandika "kazi safi". Kazi hiyo ni mbovu. Haimfai msikilizaji aliyekaa Gatwekera, Kibera, wala Kawangware 56, kwa sababu mistari yake mingi inaelekea mahali ambapo wimbi halikutokea.

Kosa lenyewe ndilo hulitambulisha jicho la mgeni: mchoraji amechora mstari hadi kwenye studio. Redio haisikiki kutoka studio. Inasikika kutoka kwenye mtambo, na mtambo mara nyingi uko nchi nyingine, hata bara jingine.

Chukua Sauti ya Ujerumani. Kuanzia 1965 hadi tarehe 28 Machi 2015 ilikuwa na kituo chake cha kurushia matangazo Kigali. Kutoka Kibera hadi Kigali ni kama kilomita 750, digrii 264, karibu magharibi kamili. Bonn iko kilomita 6,400 hivi, digrii 338, kaskazini ukiegemea magharibi kidogo. Aliyeelekeza antena yake kwa kufuata mstari wa Bonn alikosea kwa digrii 74, na hakuna fundi wa soko la Toi ambaye angeweza kumtengenezea redio hiyo. BBC nayo ilikuwa na mitambo Grand Anse, kisiwani Mahé huko Ushelisheli, kuanzia 1988 hadi 2014: kilomita 2,100, digrii 101, upande wa bahari. London iko digrii 335. Sauti ya Amerika ilijenga kituo Botswana, karibu na Selebi-Phikwe, yaani kusini. Redio ya Waholanzi, yenye makao Hilversum, ilikuwa na mtambo Talata Volonondry, Madagaska, tangu 1972. Tena stesheni moja huweza kubadilisha mtambo katikati ya jioni bila mtangazaji kusema lolote, ndiyo maana mchoraji hodari huandika saa za UTC kando ya kila mstari. Mstari usio na saa hauna maana.

Hapo ndipo walaghai hunaswa. Wapo wanaonakili orodha ya masafa, wakachora mistari arobaini kwa usiku mmoja, na kila stesheni wakaipa SINPO 55555, yaani alama kamili za usikivu. Dawa yao ni Sauti ya Zanzibar. Mtambo wake wa 11735 kHz uko Dole, Unguja, kama kilomita 600 tu kutoka Nairobi, na mlaghai akiona ujirani huo huchora mstari mnene wa saa zote. Msikilizaji wa kweli anajua bendi ya mita 25, ambamo 11735 imo, ilivyo usiku: wimbi huweza kuruka juu ya Nairobi likaenda kutua Ulaya, ambako wasikilizaji wameisikia taarabu ya Unguja vizuri kwa miaka mingi. Programu ya VOACAP ya kukadiria usafiri wa mawimbi, ambayo ni ya bure, ingemwonyesha pengo hilo kwa dakika chache. Kwenye ramani nzuri mstari wa Dole huwa na vipande vilivyokatika.

Kipimo cha pili ni projeksheni, yaani namna ya kuutandaza mviringo wa dunia kwenye karatasi. Anayechora juu ya Mercator, kama programu nyingi zinavyofunguka, hupata Beijing kwenye digrii 61 kutoka Nairobi. Mduara mkuu, yaani njia fupi kabisa juu ya dunia, unasema 50. Namna rahisi ya kuikagua ramani ya mtu ni kuitafutia Makka: lazima ikae digrii 7 mashariki ya kaskazini, kama kibla cha misikiti ya Makina, Kibera, kinavyopaswa kuwa. Hesabu hiyo haikuanza na kompyuta. Al-Biruni alikokotoa kibla cha mji wa Ghazni katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025. Nembo ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri imechorwa kwa projeksheni inayomfaa msikilizaji, ile yenye uelekeo sahihi kutoka kitovu chake, ila kitovu hicho ni Ncha ya Kaskazini. Katika programu ya ramani ya QGIS unahamisha kitovu hadi nyumbani kwako kwa kubadilisha namba mbili tu, na asiyefanya hivyo hana udhuru.

Ramani ya dunia peke yake haitoshi. Pembeni lazima kuwe na karatasi ya mtaa, inayoonyesha transfoma, nyaya za stima zilizotandazwa juu ya mabati, wachomeleaji na posho mill, maana huko ndiko kelele zinakotoka. Kwa Kibera kazi ngumu ilishafanywa: mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walipita vichochoroni na GPS, wakaviingiza vijiji vyao kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani za umma zilikuwa zimeacha pengo. Wa Kawangware naye atembee mitaa ya Gatina na Congo na redio mkononi, aandike inapokoroma.

Mengine ni sheria fupi. Rangi mbili, basi. Bendera hazina kazi. Kona ya chini iwe na msimu wa ratiba, A au B, kwa sababu masafa hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Wazee waliochora kwa rula na penseli, World Radio TV Handbook ikiwa wazi mezani, hawakuwa na programu yoyote, lakini walianzia kwenye jina la mtambo. Tarehe 1 Agosti 1982, waasi wa jeshi la anga walipoiteka Sauti ya Kenya, redio ya serikali, mtu wa aina hiyo alijua pa kuipeleka sindano ili asikie habari kutoka nje. Uangalifu ule umepungua, na sifa za bure ndizo zinazoupunguza.

Basi ukiletewa ramani uisifu, muulize mchoraji mambo mawili: mtambo uko wapi, na aliusikia saa ngapi. Akikutajia makao makuu, mrudishie akaanze upya.