Nani Anahesabu Maji ya Mto Simiyu?
Uhakiki wa utaratibu wa vibali na taarifa za uchotaji

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja maji miongoni mwa njia kuu za uchumi, pamoja na ardhi, misitu na madini. Miaka saba baadaye Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 ikatamka kwamba maji ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kwamba anayetaka kuyachota mtoni kwa kazi kubwa sharti kwanza apate haki ya maji kutoka Serikalini. Sheria Na. 11 ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayotumika leo, imeushika msingi huo huo: maji ni ya umma, Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi, na mchotaji hupewa kibali na Bodi ya Maji ya Bonde. Kuhusu msingi huo hatuna ubishi. Lakini mali ya umma isiyohesabiwa huishia mikononi mwa mwenye nguvu ya kuichukua, hata kama sheria imeandikwa vizuri namna gani. Makala haya basi yanahakiki jambo moja tu, nalo ni namna uchotaji wa maji unavyopimwa na kutolewa taarifa. Mfano wetu ni mto Simiyu.

Mto huu huanzia upande wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, hupokea maji ya mto Duma, kisha humwaga katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, wilayani Magu. Mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, ulichukua jina la mto huo. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Mei. Huja kwa kishindo, mto hufurika, halafu hupungua upesi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya mto na vijito vyake huonekana mchanga mtupu. Wenyeji lakini wanajua kwamba mto haujafa, umeingia chini. Huchimba mchangani, husubiri maji yajichuje, huchota kwa kibuyu au kikombe, na kunywesha ng'ombe kwenye mashimo yaliyozungushiwa miiba.

Sasa tuutazame mto huu kwa macho ya kibali. Kibali huandika kiasi: lita kadhaa kwa sekunde, au mita za ujazo kadhaa kwa siku. Fikra hiyo si yetu. Ilikuja na sheria za maji za mkoloni, ile ya 1948 na ile ya 1959, zilizotungwa kwanza kwa kufikiria mashamba makubwa ya walowezi, na nyuma yake kuna picha ya mto unaotiririka mwaka mzima kama bomba. Tulipojitawala tulibadilisha mwenye mali, tukaacha kipimo kama kilivyokuwa. Matokeo yake yameonekana Usangu. Haki za maji ziligawiwa kwa lita, ada zikatozwa, na aliyelipa ada akajiona ana haki ya kujaza mfereji wake hata mto unapokwisha. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na makaratasi yale hayakuurudisha.

Tuulize tena: nani anapima? Kwa kawaida mwenye kibali ndiye anayepima anachochota na kukitolea taarifa, na maofisa wa bonde huja kukagua wanapopata gari na mafuta. Kwa upande wa mto wenyewe kuna vituo vya kupimia kina cha maji, kama kile cha Ndagalu. Vituo hivi vina faida kubwa, na rekodi zake zisingalikuwapo tusingalijua lolote kuhusu mafuriko ya Simiyu. Lakini kituo husoma maji yaliyopita hapo. Hakisomi maji yaliyochotwa juu yake. Tena kiangazi, uchotaji unapokuwa mkali kuliko wakati wowote, kipimo husoma sifuri. Basi taarifa inayotegemea kipimo hicho hunyamaza katika miezi ile ile ambayo wananchi wanagombania maji. Huo ndio upungufu mkubwa wa utaratibu mzima, na hauondolewi kwa kuongeza vituo vingine vya namna hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ndogo ya kuvuta maji, inayotoa lita 2 kwa sekunde, ikifanya kazi saa 8 hutoa lita 57,600 kwa siku. Kwa ndoo za lita 20 hizo ni ndoo 2,880. Kaya inayotumia ndoo 6 kwa siku ingehesabiwa pamoja na wenzake 479 ndipo wafikie mashine moja ya bustani ya nyanya. Sasa tutazame ghala lenyewe. Mchanga wa mto wenye upana wa mita 40 na urefu wa kilomita 1, maji yake yakishuka nusu mita, ni mita za ujazo 20,000 za mchanga. Mchanga mkubwa hutoa maji takriban robo ya ujazo wake, yaani mita za ujazo 5,000, au lita milioni 5. Kama hakuna maji yanayoingia kutoka juu, mashine tatu za namna hiyo huimaliza nusu mita hiyo kwa siku 29. Shimo la mama aliyekuwa akichimba hadi kiunoni sasa linafika kichwani, na kuta za mchanga huporomoka. Wala hatusemi kwamba mwenye bustani ni mwizi. Analisha soko la Bariadi. Tunasema kwamba hakuna daftari linaloonyesha nusu mita hiyo imekwenda wapi.

Yuko mwingine asiyeonekana kabisa katika hesabu za maji, naye ni lori la mchanga. Miji inakua, nyumba za matofali zinajengwa, na mchanga wa mto ndio unaotakiwa. Katika vitabu hiyo ni biashara ya madini ya ujenzi na ushuru wa halmashauri. Kwa mto, lori hilo haliondoi maji tu, linaondoa mtungi. Mahali mchanga ulipokwisha hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, mvua ya msimu ujao itapita moja kwa moja hadi ziwani. Taarifa ya maji isiyotaja mchanga, katika mto wa mchanga, ni taarifa pungufu hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.

Wanaoonekana ni akina nani? Ni mfugaji, kwa sababu ng'ombe hawafichiki, na mkulima mdogo aliyelima ndani ya mita 60 zilizokatazwa na sheria. Hao ndio wanaojaza taarifa za uharibifu wa vyanzo. Makosa yao yapo. Lakini boza la mkandarasi wa barabara linalojaza lita 10,000 alfajiri huondoka na ndoo 500 bila kuacha hata alama ya kwato. Ukaguzi unaofuata kinachoonekana kwa urahisi utamkuta mnyonge siku zote.

Urasimu nao umeongeza giza. Maji yanayokwenda Ziwa Victoria yako chini ya bodi yenye makao Mwanza; sehemu ya Meatu inayoelekea mto Sibiti iko chini ya Bonde la Kati, makao yake Singida. Tangu 2019 kuna RUWASA, na chini yake vyombo vya kijamii vya huduma ya maji, vinavyosimamia visima na magati. Sheria ya 2009 nayo ina jumuiya za watumia maji, ambazo kazi yake ni mto. Mwananchi akisikia majina hayo mawili hudhani ni kitu kimoja, na hapo ndipo mto hukosa mwenyewe, maana kila kamati itasema kazi yake ni bomba.

Watu wa Usukumani si wageni wa kazi ya kuhesabu na kulinda. Ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, ziliwekewa mipaka, muda na faini, na dagashida ilihukumu aliyevunja. Inapasa tuseme ukweli kwamba Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilivunja ngitili nyingi kwa kuwahamisha wenyewe. Zilirudi kwa wingi chini ya mradi wa HASHI, kati ya 1986 na 2004, pale wataalamu wa Serikali walipokubali kwamba wanakijiji wenyewe wawe walinzi. Kwa nini mchanga wa mto usiwekewe utaratibu kama huo? Bomba lenye matundu likizamishwa mchangani na kijiti chenye alama kikatumbukizwa kila wiki, kijiji kinajua maji yameshuka kiasi gani. Kibali kingeweza kuandikwa kwa alama hiyo: maji yakifika hapa, mashine zote zinazimwa, za mwenyekiti wa kijiji zikiwa za kwanza. Tunamtaja mwenyekiti kwa makusudi, kwa kuwa kamati ya kijiji inaweza kutekwa na wenye mashine. Dawa ya hilo ni namba kusomwa hadharani, katika mkutano, si kufungiwa ofisini.

Mwaka 1962 Tanganyika ilikataa kufungwa na mkataba wa Mto Nile wa 1929, ambao Uingereza ilikubaliana na Misri bila kutuuliza. Leo mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 na kusaidiwa na Ujerumani, umelengwa kuyaleta maji ya ziwa hilo hilo Simiyu. Ni jambo jema. Lakini maji ya bomba yana bei yake, na mwenye ng'ombe 80 huko Itilima hatawanywesha kwa dira. Atarudi mchangani, na mashine ya bustani itarudi mchangani, kila kiangazi, bomba lipo au halipo.