Tarehe Isiyotulia: Kitenzi "Sasisha" na Ushahidi wa Rasimu za Kompyuta

Uhakiki wa matini hutegemea tarehe. Nakala ya Utendi wa Tambuka inayohusishwa na mwaka 1728 ni nguzo katika historia ya ushairi wa Kiswahili kwa kuwa tarehe yake imetulia: tunaweza kuihoji, lakini haibadiliki tunapoihoji. Makala haya mafupi yanadai kwamba rasimu zinazoandikwa kwa kompyuta zinaweza kukosa dhamana hiyo, na kwamba Kiswahili chenyewe kinatuonyesha sababu.

Katika Microsoft Word, mwandishi anayeingiza tarehe anaweza kuchagua ijisasishe yenyewe. Akichagua hivyo, kinachoingia si maneno bali amri iitwayo DATE, ambayo huchukua tarehe ya kompyuta upya faili linapofunguliwa. Kitenzi "sasisha" kimeundwa kutokana na "sasa" katika kauli ya kutendesha: kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Kwa orodha ya bei, hilo ni jema. Kwa tarehe ya rasimu, ni kufuta ushahidi. Kimaana, amri hiyo ni sawa na kielezi "leo", ambacho hutegemea wakati wa usemi. Kwa sura, inafanana na tarehe mahususi, kama vile 5 Machi 2019. Msomaji hupewa "leo" akidhani amepewa kumbukumbu. Hivyo, mhakiki anayelinganisha rasimu tatu za riwaya moja anaweza kukuta zote zina tarehe ya siku aliyozifungua yeye.

Huenda ikajibiwa kwamba zipo pia amri CREATEDATE na SAVEDATE, zinazoonyesha siku faili lilipoundwa na lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: SAVEDATE nayo husogea kila marekebisho yanapohifadhiwa, na karatasi iliyochapwa haimwambii msomaji ni amri ipi iliyotumika.

Inapendekezwa basi kwamba waandishi, hususan wanafunzi wa uzamili na uzamivu, waandike wenyewe tarehe ya kila rasimu, herufi kwa herufi. Aliyekwisha kuingiza amri anaweza kuichagua na kubonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja, nayo itageuka kuwa maneno ya kawaida. Hata hivyo, atakachokuwa amekihifadhi ni tarehe inayoonekana wakati huo. Ile ya kuandikwa kwa rasimu itambidi aitafute kwingine.